Kiingereza cha Fundi Friji

Asubuhi moja, kabla milango haijafunguliwa, Madamu mwenye duka la manukato aliwakusanya wauzaji wake akawaambia kwamba kuanzia Jumamosi hataki tena kusikia Kiingereza cha shule. Anataka Kiingereza cha Mfaransa. Wauzaji walitazamana. Mmoja wao, dada aliyeitwa Mrefu kwa sababu akiwepo hakuna aliyetafuta ngazi, aliuliza kama wanatakiwa kujifunza Kifaransa.

"Nani amesema Kifaransa?" Madamu alimjibu. "Kifaransa hata wateja wangu hawakijui. Nataka mseme Kiingereza hiki hiki, lakini mteja akifumba macho aone yuko Paris. Mmenielewa?"

Walisema wameelewa. Ukiwa umeajiriwa, kuelewa ni sehemu ya kazi.

Duka lilikuwa limehama. Miaka yote lilikuwa chumba kimoja kando ya soko, lenye feni moja na mlango wa chuma wa kuvuta, na wateja waliingia na vikapu vyao. Sasa lilikuwa ghorofa ya pili ya jumba jipya la maduka, vioo kila upande, mahali ambapo ukipiga chafya unajiona mara nne. Chupa zile zile za sokoni zilipangwa mbali mbali juu ya rafu, kila moja na taa yake, na bei ilikuwa imepanda pamoja na ngazi. Kodi ya pale ilimnyima Madamu usingizi, na hakuficha. "Watu hawanunui harufu," aliwaambia. "Harufu nzuri hata sabuni inayo. Wananunua mahali inakotoka."

Mpango wake ulikuwa huu. Jumamosi atamsikiliza kila mmoja akihudumia mteja. Atakayeweza atapewa kaunta ya mbele, yenye kamisheni nono. Atakayeshindwa ataingia stoo, afungue maboksi na kubandika bei kwa mshahara mtupu, na mshahara mtupu wa pale ulikuwa nauli na chai.

Kisha akamgeukia muuzaji wake wa zamani kuliko wote, mama mmoja wa makamo aliyekuwa amesimama nyuma ya wenzake na kitambaa cha kufutia vioo mkononi.

"Wewe mama nakuonea huruma," Madamu alisema, na kweli alikuwa anamwonea huruma, ndiyo maana ikauma zaidi. "Umri huu ulimi umeshakauka. Ukiona vigumu niambie mapema, wala usione haya. Stoo kuna kiti."

"Nitajaribu, Madamu," mama alisema.

Mama huyu alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka lile tangu Madamu mwenyewe hajui kutofautisha marashi na maji ya kuoshea vyombo. Alijua mwanamke gani ananunua kwa ajili ya harusi na yupi ananunua kwa ajili ya ugomvi. Hakuwahi kukalia kiti saa za kazi, na siku ile nzima alikiona kile kiti cha stoo mbele yake kila alipogeuka.

Jioni nyumbani alijifungia jikoni na simu yake. Alikuwa ametafuta mchekeshaji mmoja anayeigiza Mfaransa akiongea Kiingereza, mtu mwenye mdomo uliochongoka na mikono isiyotulia, akawa anamsikiliza na kumfuatisha huku mboga ikichemka. Mama yake mzazi, aliyeishi nao na ambaye nyumba nzima ilimwita bibi, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa akichambua mchele. Binti, mtoto wa mwisho na wa pekee aliyebaki nyumbani, aliegemea mlango wa stoo ya jikoni akila kiporo.

"Weka pua," bibi alimshauri. "Mkwe wangu anaanzia puani."

"Siyo puani bibi, ni kooni," binti alisema. "Mama, vuta kooni halafu sukuma midomo."

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtaa mzima ulilijua. Mume wa mama huyu alikuwa fundi wa friji, na alizaliwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo mtoto anasomeshwa kwa Kifaransa. Kiingereza alijifunza akiwa mtu mzima, ndevu zimeshaota, na ulimi ukakipokea kama ulivyokuwa. Hata Kiswahili chake, kizuri kabisa, kilikuwa na ile r ya kooni. Mtaani walimwita Bonju, kwa ile salamu ya Kifaransa. Watoto wakimwona wanajikuna koo na kupaza, "Bonju!" naye anaitikia kwa mkono. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Hatusemi mwenyeji akishapona anamfanyia nini mgeni.

Kwa hiyo utauliza, mwanamke mwenye Mfaransa chumbani kwake anatafuta nini kwenye simu? Alikuwa na sababu yake. Muda si mrefu uliopita fundi alikwenda kuomba kazi ya kudumu ya kutunza vyumba baridi vya supamaketi moja kubwa. Alieleza kwa Kiingereza mtambo wao una kasoro gani na ataitoaje. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia karani wake akauliza, "Amesema nini huyu?" Chumba kizima kikacheka, na kazi akapewa mwingine. Tangu hapo fundi alikaa na binti yake kila jioni mezani, akisoma kwa sauti kitabu cha Kiingereza cha shuleni, binti akimsahihisha neno kwa neno. Alikuwa anaikwangua ile sauti, kidogo kidogo, kama kutu. Ungekuwa wewe, ungemwendea mtu huyo ukamwomba akufundishe kile anachokitupa?

Basi mama akavuta kooni, akasukuma midomo, akamkaribisha sufuria la mboga kwa Kiingereza kama mteja tajiri.

"Umempata!" binti alisema. "Huyo ni baba mtupu. Hebu fanya ile anapopigiwa simu na mteja."

Mama akaweka kijiko sikioni, akafanya. Bibi alicheka mpaka mchele ukamwagika, binti akashika ukuta. Mama naye alicheka, kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu tangu asubuhi alikuwa hajacheka. Alipogeuka kukoroga mboga alimwona mumewe amesimama kwenye mlango wa uani, sanduku la vifaa bado mkononi.

"Umerudi," mama alisema.

"Nimerudi."

"Pole na kazi."

"Asante," fundi alisema, akaweka sanduku chini, akaenda bombani kunawa. Alinawa kwa muda mrefu kuliko uchafu aliokuwa nao.

Mezani chumvi ilikuwa mbali, upande wa bibi. Fundi hakuiomba, alikula bila chumvi. Walipomaliza binti alileta kitabu, akafungua mahali walipoishia.

"Leo nimechoka," fundi alisema.

"Kesho basi, baba?"

"Tutaona."

Bibi alitazama sahani yake. Alikuwa ametania sana juu ya sauti ya mkwewe, miaka nenda miaka rudi, na daima alitania mbele yake, naye akacheka pamoja nao. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna tofauti kati ya kutaniwa ukiwepo na kuchekwa ukiwa njiani kurudi nyumbani.

*

Asubuhi fundi aliamka mapema akaingia uani, kwenye karakana yake ya mabati manne, akaanza kuchomelea bomba la shaba la friji ya watu. Mama alimfuata akiwa ameshavaa sare ya kazi.

"Baba watoto, ile ya jana haikuwa ya kukucheka."

"Nilisikia kicheko."

"Tulicheka, sikatai. Lakini haikuanza hivyo." Akamweleza. Akamweleza habari ya Madamu, ya Jumamosi, ya kaunta, ya Paris. Habari ya kiti aliiweka mwisho.

Fundi alizima moto wa kuchomelea. "Kwa hiyo huko kuna watu watalipwa kuongea hivi."

"Ndiyo."

"Kitu kilichoninyima mimi kazi ndicho kitakachokupa wewe."

"Ndiyo. Na niliona aibu kukuomba. Ndiyo maana nikaenda kwenye simu."

"Basi huyo wa kwenye simu akufundishe," fundi alisema, akawasha moto tena.

Mama hakubishana naye. Alipofika kwenye mlango wa uani alisimama, akajiambia kwamba akifika kazini hatapata nafasi ya kujaribu, akajaribu hapo hapo. Alimkaribisha mteja wa hewani kwa Kiingereza, midomo mbele, mikono ikiruka, kama alivyofundishwa na simu.

Nyuma yake moto ulizimwa.

"Hapana," fundi alisema.

"Hapana nini?"

"Hiyo siyo. Hakuna mtu duniani anaongea hivyo."

"Wa kwenye simu anaongea hivyo."

"Huyo anachekesha. Unamwiga mtu anayechekesha, ndiyo maana nyumba nzima ilicheka." Fundi alikuwa amesimama sasa, na hasira yake ilikuwa imehama mahali. Huyu alikuwa mtu ambaye akikuta kiungo cha bomba kimechomelewa vibaya na fundi mwingine hukichomoa na kukirudia bila malipo, kwa sababu hawezi kulala kikiwa hivyo. "Sikiliza, mama watoto. Mtu mwenye lafudhi hafanyi lafudhi. Anajitahidi aeleweke. Mimi nikisema Kiingereza sivunji maneno makusudi. Nalitafuta kila neno, nalishika vizuri, naliweka pale linapotakiwa. Wewe unayatupa tu kama maganda."

"Sasa nifanyeje?"

"Ongea Kiingereza kizuri kuliko vyote unavyovijua. Halafu kipitishe kwenye mdomo wangu."

"Nitaupata wapi mdomo wako?"

Fundi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu jana akakaribia kutabasamu. "Utachelewa kazini," alisema. "Tutaanza jioni."

*

Walianza jioni ile, mezani, mbele ya watu wote, kwa sababu nyumba ilikuwa na meza moja na haikuwa na pa kujificha.

"R yetu mnayo," fundi alisema. "Mnaiita gh. Sema ghali."

"Ghali."

"Ghorofa. Ghafla. Hapo hapo kooni, usiende mbali. Sasa chukua hiyo, uiweke kila mahali penye r, lakini ilainishe. Usigombane nayo."

Mama akasema ghali na ghorofa mpaka koo likakauka. Bibi, ambaye hakuna aliyemwomba, akawa anafuatisha pembeni, na kila alipofika kwenye ghafla alikohoa. Fundi aliendelea. Ile th ya Kiingereza aiache, aseme z, kama wanavyofanya wale wanaosema zahabu badala ya dhahabu. H aimeze, oteli badala ya hoteli, lakini aimeze kwa adabu. Na mzigo wa neno, ule mkazo wake, asiutue kabla ya mwisho.

"Nyinyi mnakanyaga neno karibu na mlango halafu mnatoka," alisema. "Sisi tunakanyaga kizingiti chenyewe."

"Nani nyinyi?" mama alimuuliza. "Umekuwa mgeni leo, baada ya watoto wote hawa?"

"Leo nimelipwa kuwa mgeni," fundi alisema.

"Hujalipwa."

"Basi nitakudai."

Aliyekasirika ni binti. Siku ya pili alifunga kitabu chake kwa kishindo. "Mimi jioni namtoa baba kooni, baba naye anamwingiza mama. Mbona mnaniharibia kazi? Mwalimu wa nyumba hii ni nani?"

"Kila mtu na fundi wake," fundi alisema. "Wewe nisahihishe mimi, mimi nimsahihishe mama yako. Tukikutana katikati, bibi atatuamua."

Lakini binti alikuwa na jambo jingine, na akalisema akiwa ameinamisha kichwa. "Shuleni siku ya wazazi ulipouliza swali, wale wa nyuma walikuiga mpaka jioni. Sitaki mama naye aigwe."

Mama alitaka kumkemea, akaona hana haki, maana yeye mwenyewe aliiga juzi na kijiko sikioni.

"Swali langu lilikuwa zuri?" fundi aliuliza.

"Lilikuwa zuri. Mwalimu mkuu mwenyewe alisema."

"Basi waliiga swali zuri," fundi alisema. "Mama watoto, tuendelee."

Kufika Alhamisi mama alikuwa ameacha kuiga. Jambo lilitokea ambalo hata fundi hakulitarajia: alipoacha kuvunja maneno na kuanza kuyatafuta moja moja, kwa uangalifu, kama mtu aliyekijua Kiingereza kwa jasho, sauti ikaja yenyewe. Alimweleza bibi tofauti ya marashi ya mchana na ya jioni, kwa Kiingereza ambacho bibi hakukielewa, na bibi akatikisa kichwa akasema angenunua yote mawili. Fundi alisimama, akazunguka meza, akakaa tena.

"Sema tena ile ya jioni," alisema. Mama akasema. "Hapo mwisho umeharakisha. Usiharakishe, mimi siharakishi. Mtu akitusubiri, anatusubiri."

Mama alimtazama mumewe aliyekuwa akigonga meza kwa kidole kuhesabu mwendo wa sentensi, mtu aliyeingia nyumbani siku tatu zilizopita akala bila chumvi. Alijua ni kiasi gani kilimgharimu kutoa sauti ile mezani. Alimpenda sana wakati huo, na kwa kuwa hawakuwa na desturi ya kuambiana mambo hayo mbele ya bibi, alimuuliza kama anataka chai.

*

Jumamosi Madamu alifika na nywele mpya. Aliwapanga wauzaji, akawakagua kucha, akatoa agizo la mwisho.

"Wakiwauliza mmejifunza wapi, jibu ni moja. Paris. Mliishi huko miaka miwili. Msieleze zaidi, mkieleza mtajikwaa."

Mama hakuona tatizo. Dukani hapo alishawaambia wanawake wangapi kwamba harufu fulani inawapunguzia miaka? Uongo wa kaunta una ruhusa yake, mradi usimchome mtu.

Wa kwanza alikuwa Mrefu, na Mrefu alikuwa mwanafunzi wa yule mchekeshaji wa kwenye simu. Alisukuma midomo, akazungusha mikono, akagusa chupa kwa kiwiko. Mteja alimvumilia kidogo, kisha akamuuliza kwa upole kama anaumwa jino. Mrefu alirudi nyuma ya rafu machozi yakimlengalenga, na mama akampa kitambaa chake.

Kisha aliingia mteja ambaye Madamu alikuwa anamsubiri, mke wa tajiri mmoja wa malori, mwanamke mnene wa heshima aliyezoea kufunguliwa milango. Madamu alimpa mama ishara, akasimama nyuma ya rafu ya karibu akijifanya anapanga maboksi.

Mama alimkaribisha. Hakusukuma midomo. Alilitafuta kila neno, akalishika, akaliweka mahali pake, na pale alipotaka kuharakisha alisubiri. Alimweleza mteja ni ipi inayoanza kali ikaja kutulia, na ni ipi inayomngoja mtu apate joto kwanza. Hata Mrefu aliacha kujifuta. Mteja alinyoosha mkono wa kwanza apuliziwe, akanyoosha na wa pili, mwishoni akawa anainusa hewa tu na kusikiliza. Alichagua chupa tatu, na hakuuliza bei ya hata moja.

Nyuma ya rafu Madamu alikuwa ameshika kifua chake kwa furaha. Alijitokeza akitabasamu.

"Sauti nzuri sana hiyo," mteja alimwambia mama. "Umeipata wapi?"

"Aliishi Paris," Madamu alidakia. "Miaka miwili."

"Kumbe," mteja alisema, bado akimtazama mama. "Nani alikufundisha huko?"

Neno lilikuwa limeshaandaliwa. Mama angeweza kutaja bwana yeyote, bibi yeyote, shule yoyote ya kubuni, na mambo yangekwisha. Akafungua mdomo. Lakini mdomo haukuwa wake peke yake tena, ulikuwa na mtu mwingine ndani, na mtu huyo alikuwa ameshakataliwa mara moja kwa sauti hii hii, katika chumba kilichojaa watu. Kumkana kwa kutumia sauti yake mwenyewe mama aliona ni jambo ambalo akilifanya leo, jioni hataweza kukaa mezani.

"Nilifundishwa na mume wangu," alisema kwa Kiingereza, bila kuibadilisha sauti hata kidogo. "Ni fundi wa friji. Hii ni sauti yake."

Mteja alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona mama hacheki, aliacha. Alimtazama Madamu, akazitazama chupa, na kwa mara ya kwanza akaitazama karatasi ya bei. Akatoa chupa moja akairudisha juu ya kaunta, polepole, akalipia mbili, akasema asante akatoka.

Madamu alisubiri mpaka lifti ikafunga.

"Neno moja," alisema. Hakupaza sauti, alikuwa kama mtu aliyeangusha kitu cha thamani bado anakitazama. "Nilikuomba neno moja, na hilo nikakusemea mwenyewe."

"Najua, Madamu."

"Umewashinda wote. Kaunta hii ilikuwa yako."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Sauti nimekupa, Madamu, uza. Mwenyewe siwezi kumkana."

Madamu alitazama ile chupa moja iliyorudishwa, kodi ya mwezi ikimpita usoni. Huenda siku nyingine angesamehe. "Jumatatu uanzie stoo," alisema. Mrefu aliwekwa mlangoni, awe anawafungulia wateja bila kusema kitu.

Mama alivua beji yake ya kaunta, akaifuta kwa mkono wa sare kama alivyofanya kila jioni, akaiweka juu ya kioo. Kisha akashuka kwa ngazi, akaiacha lifti, kifua mbele. Alijivuna. Wako watakaosema hakuwa na cha kujivunia, na mimi sitabishana nao, ila nasema alijivuna na ilikuwa haki yake.

*

Fundi alikuwa uani akihangaika na friji ambayo alikuwa ameshamaliza kuitengeneza tangu mchana. Bibi na binti walikaa kwenye ngazi ya mlango wakijifanya wanapunga upepo. Mama alipoingia wote watatu walimtazama usoni, wakashindwa kusoma, kwa sababu uso ulikuwa unang'aa na mkono haukuwa na kitu.

"Vipi?" fundi aliuliza.

"Nimewekwa stoo."

Fundi aliweka chini bisibisi. "Nilikufundisha vibaya."

"Ulinifundisha vizuri. Amesema mwenyewe, nimewashinda wote."

"Sasa stoo ya nini?"

Mama akakaa juu ya kreti akawasimulia. Hakuficha chupa iliyorudi, wala beji.

Bibi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Paris tu, mwanangu? Watu wanaapa uongo kwa gunia la mkaa, wewe umeshindwa na Paris? Lingekuua?"

"Lisingeniua, mama."

"Na kodi ya nyumba? Utailipa kwa hiyo sauti?"

"Tutailipa kama tulivyoilipa alipokosa kazi ya supamaketi. Kwa taabu."

"Ulisema mbele ya watu?" binti aliuliza. "Fundi wa friji, hivyo hivyo?"

"Mbele ya watu. Na duka lina vioo, nilijiona ninavyosema."

Binti alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kulinganisha sura na jina. Kisha akasogea kwenye ngazi, nafasi ikapatikana kando yake, lakini fundi hakukaa.

Alikuwa anajifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Ulisemaje?" alimuuliza mkewe.

"Si nimeshakwambia."

"Umenisimulia kwa Kiswahili. Sema kama ulivyosema kule."

Mama aliinuka kwenye kreti. Alinyoosha sare, akaweka mikono mbele kama iko juu ya kioo, akasema. Akasema kwa Kiingereza kwamba amefundishwa na mume wake, kwamba ni fundi wa friji, kwamba hii ni sauti yake. R zilitoka kooni, laini. H zilimezwa kwa adabu. Kila neno lilishikwa vizuri likawekwa mahali pake, na mzigo wa sentensi ukatuliwa mwisho kabisa, bila haraka.

Fundi hakuwa amewahi kujisikia akiongea. Alikuwa amesikia watoto wa mtaani wakijikuna koo, alikuwa amesikia chumba cha meneja kikicheka, na akaamini hayo ndiyo yanayotoka mdomoni mwake. Sasa alisimama na tambara mkononi katikati ya karakana.

"Hivyo ndivyo ninavyosikika?"

"Hivyo hivyo."

Bibi alikuwa na neno jingine kuhusu kodi. Akaliacha.

"Sema tena," fundi alisema.